Paa Jipya Juu ya Dala ya Baba

Nyumba yetu ya Mutaho ilikuwa na jina. Ukimuuliza mtu sokoni tunakaa wapi, alikuwa akikuelekeza hivi: nenda mpaka kwenye ile nyumba isiyo na paa. Si kweli kwamba haikuwa na paa. Ilikuwa na dala, yaani zege lililomwagwa bapa juu ya kuta, na ukingo mfupi wa matofali kuizunguka, na juu ya ukingo huo vyuma 32 vilivyosimama wima vikiwa na kutu. Lakini katika kituo kidogo ambacho kila nyumba ina mgongo wa vigae au wa mabati, nyumba yenye kichwa bapa huonekana kama kitu kilichoachwa njiani.

Baba aliijenga mwaka 2008. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, akizunguka kati ya Gitega, Muyinga na Bujumbura, na huko Bujumbura ndiko alikoona watu wakijenga kwa awamu: chini leo, dala juu yake, halafu ukipata pesa unapanda ghorofa. Vile vyuma vilikuwa vya nguzo za ghorofa hiyo. Alipofariki mwaka 2017 vyuma vilikuwa bado vinangoja, na sisi tulikuwa tumezoea kuishi chini ya ahadi hiyo kiasi kwamba hatukuiona tena.

Katika likizo ya mwaka 2023 mwalimu wetu alitutaka kila mmoja arudi kwao akusanye maneno ya ufundi mmoja: uvuvi, ufinyanzi, ususi, chochote. Mimi nilichagua ujenzi, na sitaficha kwamba nilichagua kwa uvivu. Ujenzi ulikuwa unafanyika nyumbani kwetu. Nisingehitaji hata kuvaa viatu. Mama alikuwa ameamua kuweka paa la mteremko juu ya dala, na chini ya paa hilo vyumba vitatu vya kulala.

Sababu ya kwanza ilikuwa maji. Asiyewahi kulala chini ya dala inayovuja anadhani ni jambo la tone moja la hapa na pale. Nyumba usiyolala hujui hila yake. Mutaho, kama sehemu zote za nyanda za kati, hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Septemba na Mei. Baba alikuwa ameacha mabomba manne kwenye ukingo ili maji yatoke, lakini majani ya mikaratusi yaliyaziba kila mwaka, na dala yenyewe haikuwa na mwinamo wa kutosha. Maji yakabaki juu kama bwawa. Zege si bati. Maji yakikaa juu yake yanatafuta ufa, na ufa upo daima. Yakifika kwenye chuma, chuma kinashika kutu, na kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Katika chumba cha Mama vipande vya plasta vilikuwa vikianguka usiku. Tulijaribu lami. Tulijaribu shiti la plastiki. Fundi mmoja alitushauri kuongeza tabaka la simenti juu ya dala nzima, akalipwa, na tabaka hilo likapasuka palepale zege la chini lilipokuwa limepasuka, maana ufa wa chini huupasua na wa juu. Tukabaki na mzigo mzito zaidi na mabakuli yaleyale.

Jambo moja la ajabu kuhusu dala ni kwamba chini yake mvua haina sauti. Unajua imenyesha unaposikia bakuli.

Hapa nitatoka kidogo Mutaho, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maneno niligundua kwamba Baba hakuwa wa kwanza kukosea hivi. Waomani waliojenga nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja katika karne ya 19 walitoka Muscat, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Huko paa bapa ni akili: unalala juu usiku wa joto, na mvua ikija haikai. Waliipanda nyumba hiyohiyo Unguja, ambako mvua hupita milimita 1,500. Walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga mawe ya matumbawe juu yake, wakashindilia chokaa. Boriti ya mkoko haiendi mbali, kwa hiyo vyumba vyao vilikuwa vyembamba na virefu, kama mita tatu hivi kwa upana, hata vya matajiri. Na paa lilivuja. Mabati ya kutoka Ulaya yalipoanza kufika, wenye nyumba waliweka mapaa ya mteremko juu ya mapaa yao bapa, moja baada ya jingine, ndiyo maana leo ukiangalia picha ya Mji Mkongwe iliyopigwa kutoka juu huoni mji wa mawe, unaona bahari ya mabati yenye kutu. Chini ya mabati hayo lile paa la kwanza bado lipo. Watu wanalikanyaga.

Na hapo ndipo neno la kwanza katika daftari langu liliponisimamisha. Sakafu ni neno la Kiarabu, na huko linakotoka, saqf, ni paa, ni kile kilicho juu ya kichwa chako. Kwetu sakafu ni kile kilicho chini ya miguu. Siwezi kuthibitisha jinsi neno lilivyoshuka kutoka kichwani hadi miguuni, lakini kwa mtu aliyekulia katika nyumba yetu si fumbo kubwa. Dari ya Mama ilikuwa sakafu ya maharagwe.

Maana juu ya dala ndiko Mama alikoanika. Kila mavuno alipanda ngazi ya nje, ile ya matofali nyuma ya nyumba, na mikeka yake, na maharagwe yakalala juu siku nzima katika jua, mbali na kuku na mbuzi na watoto. Majirani nao walileta yao. Walikaa huko juu mchana wakichambua, na nikiwa mdogo nilijifunza habari zote za Mutaho nikiwa nimelala kifudifudi kwenye zege la moto. Kwa hiyo mtu asidhani Mama aliamua kwa furaha. Alipotangaza kwamba dala itaezekwa, mama mmoja jirani alimuuliza, "Na maharagwe yetu?" Mama hakujibu. Nadhani hakuwa na jibu.

Aliamua kwa sababu ya Shangazi.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ameolewa Muyinga. Mwaka 2015 yeye na mumewe walikimbilia Tanzania na watoto wawili, wakakaa katika kambi ya Nduta, mkoani Kigoma. Mumewe alifia huko. Shangazi alirudi mwanzoni mwa mwaka 2023 na watoto watano, akaenda Muyinga kwa shemeji zake, akakuta shamba la mumewe limekwisha kulimwa na wengine na hakuna aliyetaka kulizungumzia. Akakaa wiki tatu. Kisha akaja Mutaho, kwa kaka yake aliyekwisha kufa, yaani kwa Mama.

Kwa Kirundi Shangazi namwita *masenge*, na paa la nyumba ni *igisenge*. Ni maneno mawili yasiyohusiana, yanafanana tu kwa sikio, lakini nyumbani ikawa mzaha: masenge amekuja kutafuta igisenge. Alicheka zaidi yetu sote. Wakati huo walikuwa wanalala sebuleni, watu sita kwenye mikeka miwili, na mvua za Aprili zikinyesha, wakihamisha mikeka kila tone lilipohamia mahali pengine. Vyumba vya chini vilikuwa vitatu na vyote vilikuwa na wenyewe.

Basi Mama akauza ng'ombe mmoja na sehemu ya msitu wa mikaratusi, na mwezi wa saba, kiangazi kilipokuwa kimekamilika, kazi ikaanza.

Fundi wetu alikuwa mzee mnene mwenye maneno machache ya Kiswahili na mengi ya Kifaransa kilichovunjwavunjwa. Nondo aliziita ferabeto. Mkanda wa zege unaozungushwa juu ya kuta aliuita shenaji. Nilimtajia maneno niliyoyatoa kamusini, kombamoyo, upau, mwamba, akanitazama kwa huruma. Neno ambalo lilinifaa kuliko yote sikulipata kwake wala kamusini. Nililipata kwa mtoto mkubwa wa Shangazi, kijana wa miaka 14, ambaye aliangalia mchoro wa fundi kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti akasema, "Hii kenchi itawajazia chumba."

Fundi aliuliza kenchi ni nini. Kijana akamwonyesha. Alikuwa amekaa miaka mingi karibu na mafundi wa Kibondo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi ninayekisomea. Na alikuwa na haki. Kenchi ya kawaida ni pembetatu: miti miwili ya mteremko, mti mmoja wa chini unaoifunga miguu yao isipanuke, na katikati vijiti vya kushikilia vinavyokwenda huku na huku. Ni umbo zuri na jepesi, na kila nyumba ya mabati ya Mutaho inalo. Lakini vile vijiti vya katikati ndivyo vinavyokula nafasi. Ndani ya paa la namna hiyo unaweza kuweka magunia, huwezi kuweka kitanda.

Ukitaka kulala ndani ya paa, lazima vijiti viondoke. Na vikiondoka, paa linakuwa kama mtu aliyetanua miguu kwenye matope: uzito wake wote unaisukuma miguu nje. Ukiiweka miguu hiyo juu ya ukuta mfupi wa matofali usio na kitu cha kuushika, siku moja ukuta unalala uani. Fundi alilijua hili vizuri, ndiyo maana alikuwa amechora vijiti. Alikuwa anachora kitu alichojua kwamba hakitaanguka. Walibishana, yeye na kijana, siku mbili. Kwa kweli kijana alisema sentensi mbili tu na fundi akabishana na nafsi yake.

Suluhisho lilitoka kwenye vyuma vya Baba. Vilikuwa 32, vinne vinne katika sehemu nane kando ya kuta, na vyote vilikwenda chini kupitia dala hadi kwenye nguzo za nyumba. Fundi alivisugua kwa brashi ya waya siku nzima. Vitatu vilikatika mkononi kama kuni kavu. Vilivyobaki, alisema, vinatosha. Akamwaga nguzo fupi nane kuvizunguka, akajaza matofali katikati ya nguzo, na juu ya yote akazungusha mkanda wa zege, jumla mita moja kutoka kwenye dala. Miguu ya paa ikafungwa kwenye mkanda huo, mkanda kwenye nguzo, nguzo kwenye dala. Juu, kama mita mbili na sentimita 20 kutoka chini, akaweka mti wa kukaza kati ya kila jozi, ambao ungebeba pia dari. Kwa hiyo ile dala iliyokuwa ikitutesa ikawa ndiyo mti mkubwa wa chini wa kenchi moja kubwa.

Hesabu yake niliiandika daftarini, na naiweka hapa kwa ajili ya wale ambao wazazi wao wana dala. Nyumba ina upana wa mita 8. Paa linapanda sentimita 60 kwa kila mita, kwa hiyo kutoka ukingoni hadi katikati, mita 4, linapanda mita 2 na sentimita 40. Ongeza mita moja ya ukuta: katikati una mita 3 na sentimita 40. Lakini pembeni una mita moja tu, na mtu mzima anaanza kusimama wima akiwa mita moja na robo hivi kutoka ukutani, au zaidi akiwa mrefu. Ukipima sakafu unajiona tajiri; ukipima mahali pa kusimama unapungukiwa karibu theluthi moja. Vitanda vikaenda pembeni, chini ya mteremko, mahali ambapo mtu hana haja ya kusimama.

Mama alitaka vigae. Vigae vya udongo vinapendeza, havipigi kelele, na mchana havichomi. Lakini vigae ni zaidi ya kilo 40 kwa mita moja ya mraba, na paa letu lilikuwa karibu mita 125 za mraba: tani tano juu ya miti isiyo na vijiti na juu ya dala yenye nyufa. Bati halifiki hata kilo 5 kwa mita. Fundi alimwambia, "Mama, mimi nitakuwekea vigae, lakini sitalala humo." Tukanunua mabati 64 ya mita tatu.

Yakachelewa. Mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa adimu nchi nzima, na lori lililoyaleta lilikaa wiki mbili likingoja foleni. Wakati huo mbao za mikaratusi tulizokuwa tumezinunua mbichi zilianza kujikunja juani, na kijana na wadogo zake wakawa wanakaa juu yake kwa zamu ili zisipinde, kazi waliyoipenda sana. Kuta za kugawanya vyumba fundi alizisimamisha juu ya kuta za chini tu, si katikati ya dala, na mahali ambapo hapakuwa na ukuta chini alitumia mbao. Dirisha moja kila ncha ya nyumba, na matundu chini ya upenu ili joto litoke.

Sasa lile jambo ambalo halikuingia daftarini.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Bujumbura. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, na kwa mila nyumba ni yake. Alipigiwa simu kabla ya kazi kuanza, akasema anaelewa. Alipopelekewa picha ya miti ya paa ikiwa imesimama, akapanda basi akaja. Alisimama uani akaangalia juu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mmeifunga nyumba."

Nilimwelewa. Nyumba yenye vyuma juu haijaisha. Ni nyumba ya mtu ambaye bado anajenga. Ukiweka paa umesema basi, ghorofa haipo tena, Baba amekwisha kufa kweli. Nadhani Kaka alikuwa na mpango, hata kama ulikuwa wa miaka 20 mbele, wa kumaliza kilichoanzwa. Na sisi tulitumia vyuma vyake.

Lakini hakuishia hapo. Usiku, Shangazi akiwa jikoni, alimwambia Mama kwamba mtu anayewekewa chumba haondoki. Watoto watano, wawili wakiwa wa kiume. Kesho watasema babu yao alikaa hapa. Mama akasema babu yao alikaa hapa kweli, kiwanja hiki kilikuwa chake kabla hakijawa cha Baba. Kaka akasema hilo ndilo analolisema.

Wenzangu wengi wanalijua jambo hili. Nchi yetu haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi kati ya kaka na dada. Ni mila inayoamua, na mila humpa binti *igiseke*, kikapu, kipande kidogo cha kutumia, na mara nyingi hata hicho hapewi. Akiolewa kwao ni kwa mume. Mume akifa ugenini, kwao ni wapi? Mama alimuuliza Kaka swali hilo na Kaka akasema si yeye aliyeiandika mila. Nikataka kusema kwamba hakuna aliyeiandika. Nikanyamaza.

Siku iliyofuata Shangazi mwenyewe ndiye aliyependekeza karatasi. Alikuwa amesikia; ukuta wa jikoni ni mwembamba. Akamwambia Mama, "Wifi, andikeni kwamba nakaa tu, sidai kitu. Nitatia kidole mbele ya bashingantahe. Mimi nataka watoto walale pakavu." Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Kaka akaona aibu, nilimwona, lakini hakukataa. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa lugha.

Nikakaa na kalamu. Nimeandika insha nyingi na hii ndiyo sentensi iliyonishinda kuliko zote. Kwa Kiswahili ningeandika "anakaa", neno jepesi, mtu anakaa kwenye kiti, anakaa mjini, anainuka anakwenda. Lakini karatasi ilitakiwa iwe kwa Kirundi ili wazee waielewe, na kwa Kirundi kukaa mahali na kuwa ni kitenzi kimoja, *kuba*. Kila nilipoandika kwamba Shangazi anakaa katika nyumba hii bila haki juu yake, sentensi ilisomeka kwangu kama kwamba yupo bila haki ya kuwapo. Nikafuta. Nikaandika tena. Nilikuwa nikifikiria pia, kwa nini nisiseme, kwamba mimi ni binti wa nyumba hii, na siku moja mtu anaweza kuniandikia mimi karatasi hiyo, na pengine kwa mwandiko mzuri zaidi.

Niliimaliza. Nilimpa Mama, hakuisoma mbele yetu. Kaka alirudi Bujumbura kesho yake, ila kabla ya kuondoka alipanda juu, akapimapima kwa hatua, akaomba chumba cha upande wa mashariki kiwe chake akija. Hivyo vyumba vitatu vikawa: kimoja cha Shangazi na wasichana, kimoja cha wavulana, na kimoja cha Kaka, chenye kitanda na kufuli.

Mabati yalipigwa msumari wa mwisho siku za mwisho za Agosti. Mvua ya kwanza ilikuja katikati ya Septemba, mimi nikiwa nafunga mizigo kurudi chuoni. Ilikuwa ya mawe. Sisi tuliokulia chini ya dala tulitoka vitandani tukidhani nyumba inaangushwa. Sikuwahi kujua kwamba mvua ina kelele namna ile. Nilipanda ngazi na taa. Watoto wa Shangazi walikuwa wamelala, wote watano. Kambini walizoea sauti hiyo. Shangazi alikuwa amekaa kitandani kichwa kikiwa karibu kugusa mteremko, akiangalia sakafu. Nikamulika pale alipokuwa anaangalia. Palikuwa pakavu, na ule ufa mrefu wa dala ulikuwa bado unaonekana, tayari umejaa vumbi.

Paa lina makosa yake. Mchana wa kiangazi juu hakukaliki kabla ya saa kumi, na dari ya mikeka ya matete tuliyoiweka haisaidii sana. Maji ya upenu wa nyuma yanaanguka palepale ngazi inapoanzia, na fundi aliahidi mfereji wa bati ambao hajauleta. Chumba cha Kaka hakijalaliwa hata usiku mmoja, ingawa juzi niliambiwa kwamba ufunguo wa kufuli umepewa yule kijana, ili asomee humo.

Karatasi haijatiwa kidole. Bashingantahe hawakuitwa. Nilipomuuliza Mama kwenye simu iko wapi, aliniambia iko ndani ya debe la mbegu, kisha akabadilisha mazungumzo akaanza kuwalaumu kuku. Maharagwe sasa yanaanikwa uani, na kila siku lazima mtu akae na fimbo. Jirani yule naye anakuja na yake. Mama anataka nikipita sokoni Gitega nimtafutie wavu wa mita sita.